Majani Chini ya Bandeji

Mwaka 1956, hapa Kisangani, Adèle alipasuliwa ngiri ya kitovu. Emile, muuguzi wa wodi, aliwakataza watu wa nyumbani kugusa bandeji. Siku ya tano homa ilimpanda Adèle, tumbo likavimba, na jeraha likaanza kunuka. Mumewe Valère, mvuvi wa kwenye maporomoko ya mto, alijua kwamba mama yake mzazi alikuwa ameingiza majani yaliyotwangwa chini ya bandeji, kisha akamwapisha asiseme.

“Papa Valère, nani alitia mukono hapa?” Emile aliuliza. “Sema! Muke yako iko nakufa.”

Valère alimtazama mama yake, aliyesimama mlangoni.

“Ni mama,” akasema. “Alitaka tu kumusaidia.”

Mama akaondoka. Daktari alilifungua jeraha, akalisafisha, akaagiza sindano za penisilini. Siku tatu Valère alikaa sakafuni kando ya kitanda, hali chakula, akimsikia mkewe akiweweseka na kuita watoto wao. Asubuhi iliyofuata Adèle aliomba maji. Valère alimnywesha huku akilia, kisha akatoka kwenda kumtafuta mama yake.