Siku Tatu za Iddi Montevideo

Iddi bin Mfaume alikuwa mtia makaa katika meli ya Wajerumani, na katika kisiwa kizima cha Chole hakukuwa na mtu aliyekwenda mbali kama yeye akaona machache kama yeye. Alikwisha kufika Bombay, akafika Napoli, akafika Hamburg. Mkewe, Mwanahalima, alipomwuliza Hamburg kukoje, Iddi alifikiri sana, kisha akajibu, "Kuna baridi."

"Na Bombay?"

"Joto."

Basi mwaka ule aliporudi nyumbani kupumzika, akasema kwamba safari ijayo atahamishiwa meli nyingine, inayokwenda Amerika ya Kusini kupakia ngozi na sufu, na mabaharia watapewa siku tatu za kutembea mjini. Mwanahalima akaacha kukuna nazi.

"Mji gani huo?"

"Montevideo. Ndio mji wao mkubwa, serikali yao inakaa hapo, na bandari iko hapo hapo."

"Monte nini?" aliuliza Bibi Somoe, mama wa baba yake Iddi, aliyekuwa kizingitini anatafuna tambuu. "Monte Vidole? Mume wangu, unakwenda kuhesabiwa vidole?"

Bibi Somoe alimwita mjukuu wake mume tangu alipotoka jandoni, na Mwanahalima alipoolewa katika nyumba ile alipokewa kama mke mwenza. Wawili hao waligombana kwa utani kila siku, lakini kumcheka Iddi walishirikiana.

"Safari hii huendi kulala," alisema Mwanahalima. "Siku tatu ni siku tatu. Tutazipanga hapa hapa, na ukirudi utaniambia ulichokiona, si joto na baridi."

"Mimi nitajuaje cha kuona? Sijafika."

"Si ulisema Zahor amefika?"

Zahor alikuwa mwenzake wa melini, mtu wa Unguja, naye alikuwa amemsimulia Iddi habari za mji ule mara nyingi kule chini kwenye makaa. Iddi alikuwa akimsikiliza nusu nusu. Sasa wanawake wale wawili walimkamua maneno yote, moja moja. Kuna mlima ng'ambo ya bandari, na juu yake ngome yenye taa ya kuongozea meli. Kuna soko lenye paa la chuma karibu na gati, wanachoma nyama humo kutwa. Kuna pwani ya mchanga, na watu wake wanaoga kwa vijumba vya mbao vyenye magurudumu, farasi anakivuta kijumba mpaka majini ili mtu asionekane akivua nguo.

"Farasi anapelekwa kuoga na nyumba yake?" alisema Bibi Somoe. "Hilo nenda ukalione wewe mwenyewe, usimsikilize Mwunguja."

"Siku ya kwanza mlima," alisema Mwanahalima, "maana miguu bado ina nguvu. Siku ya pili soko. Lakini nyama yao usile, hujui nani kaichinja. Nunua mkate na samaki."

"Na sala?" alidakia Bibi. "Sisi tunaelekea kaskazini. Huko kibla kiko wapi?"

Iddi alikuwa amekwisha kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. "Kunakochomoza jua, halafu mkono wa kushoto kidogo."

"Alhamdulillahi, moja anajua," alisema Bibi. "Siku ya tatu farasi wanaooga. Na uwatazame wanawake wa kule."

"Bibi!"

"Uwatazame nguo, mume wangu. Mke mwenzangu anataka kujua wanavaa nini. Nyuso ziache."

Mpaka anaondoka alikuwa ameukariri mpango ule kama sura ya kuanzia chuo. Mwanahalima alimsindikiza hadi chomboni akimhoji. "Siku ya pili?" "Soko." "Nyama?" "Sili."

Alirudi mwaka uliofuata, amekonda, na amejifunika shali nene ya rangi ya udongo ambayo hakuna aliyeijua. "Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mume wangu. Mlima ulikuwaje?"

"Niliuona."

"Ulipanda?" aliuliza Mwanahalima.

"Niliuona kwa mbali."

Wanawake wakatazamana. "Na soko?"

Iddi akakuna shingo. "Paa lake niliona, kutoka melini."

"Na farasi?" aliuliza Bibi Somoe, tayari anacheka. "Walikuwa wamekwisha kuoga?"

"Kule kilikuwa kipupwe chao, bibi, baridi tupu. Hakuna aliyeoga, si mtu si farasi."

"Baridi!" Mwanahalima akapiga makofi. "Nilijua! Amekwenda mwisho wa dunia, ameturudishia baridi!"

Iddi akawaacha wacheke mpaka wachoke, ndipo akaeleza. Siku ya kwanza alitoka na Zahor kuelekea mlimani, kweli kabisa. Upepo ulikuwa unakata masikio. Katika kichochoro kimoja waliona moto barabarani, Iddi akasema aote kidogo tu. Waliouzunguka moto ule walikuwa watu weusi, na kando ya moto walikuwa wamepanga ngoma ndefu, wanazikausha ngozi zikaze.

"Kama sisi?" aliuliza Bibi.

"Kama sisi. Niliwatolea salamu, hawakuelewa. Lakini ngoma moja ilikuwa karibu mno na moto, ingepasuka. Nikaigeuza. Mzee mmoja akanitazama, akanisogezea ile ngoma. Wanapiga mkono mmoja mtupu, mkono mwingine fimbo. Mimi nikapiga kwa mikono yote miwili, wakacheka, kisha wakanifuata. Tukazunguka mitaa. Jioni mama mmoja mtu mzima akaniletea mkate, akanivika shali hii. Kesho yake nikarudi. Na siku ya tatu nikarudi."

Bibi Somoe alikuwa ameacha kutafuna. "Watu wa wapi, wale?"

"Zahor anajua maneno yao kidogo, akawauliza. Walisema babu zao walichukuliwa zamani kwa majahazi ya Wareno. Wengine Kongo, wengine Msumbiji. Yule mama hajui kijiji. Jina la kijiji limepotea."

Kisha Bibi akasema, "Ulimsalimu kwa heshima?"

"Nilimwambia shikamoo. Akacheka, akaisema mwenyewe mpaka akaiweza."

"Hukumwambia jibu lake?"

"Nilimwambia."

Mwanahalima aliigusa shali, akaupapasa ufumaji wake, akaukunjua upindo ili auone vizuri. "Na utapelekwa tena huko?"

"Inshallah, mwakani."

"Basi mlima uache. Hakuna haja ya kupanda kitu kinachoonekana kutoka chini." Akainuka. "Huyu mama chumba chake kikubwa?"

"Sikuingia ndani."

"Bila shaka! Utaingiaje ndani, wewe?"

Kesho yake Mwanahalima alikata ukindu, akautia rangi, akaanza kusuka mkeka, akiupanua na kuupunguza kwa kubahatisha, na Bibi Somoe akimkosoa kila mstari. Ulipokwisha haukuingia sandukuni kwa Iddi hata kidogo. Ikambidi aubebe begani hadi melini, na serahangi, msimamizi wa mabaharia, alipomwuliza kama anahama, alisema hapana, anampelekea mtu zawadi Montevideo.