Ng'ombe wa Pangoni Mwenye Namba ya Behewa

Na itangazwe kwa taadhima kuu, walioketi wasimame: mwaka wa 1956, Sayansi iliingia mjini Nakuru. Iliingia ikisukumwa, kwa kuwa betri ya Landrova ilikuwa imekufa, na waliosukuma ni Kimaiyo na Wasike.

Vijana hao walikuwa wasaidizi wa Daktari Pelham, aliyetaka kujua ng'ombe waliochorwa zamani za kale kwenye ukuta wa pango, juu ya Njoro, walipakwa rangi ya nini. Kazi ilikuwa kukwangua chembe ya rangi, kuisaga, kuitia asidi, kisha kuidondoshea dawa. Ikigeuka buluu, ina chuma. Ambaye angeifanya vizuri zaidi angeajiriwa katika maabara ya Nairobi.

Wasike alipomkwangua ng'ombe mwekundu, ng'ombe alishuka ukutani, bapa kama karatasi, akamfuata hadi maabara yao ya Nakuru. Akawa anasimama mlangoni akimlamba mkono. Daktari aliomba tu afungwe mbali na chupa.

Kimaiyo roho ilimuuma. Yeye alikulia zizini. Wasike ni mtoto wa mpaka rangi wa mabehewa ya reli, hata kukamua hajui.

"Huyu ng'ombe ni wa kwetu," alisema.

"Mwambie yeye, ndugu. Mimi sijamwita."

Kimaiyo akatafuta udongo wa chumvi, ule ambao watu wa kwao hupeleka mifugo kuulamba, akamnyooshea kiganjani. Ng'ombe aliunusa, akageuza kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa udongo. Angelamba udongo wa nini?

Basi Kimaiyo, akitaka jaribio la Wasike liharibike, alikwenda stesheni, akakwangua rangi nyekundu ya behewa la mizigo kwa kucha, akaitia kwenye kisahani cha Wasike badala ya ile ya pangoni. Daktari akadondosha dawa. Ikageuka buluu safi kabisa, kwa sababu rangi ya behewa nayo ni kutu ya chuma.

"Vizuri sana, Wasike," akasema Daktari.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe alikuja na namba ya behewa pajani. Daktari aliinakili kwenye ripoti kuwa ni alama ya wafugaji wa kale. Kisha akatangaza kwamba nafasi ya Nairobi amempa mtoto wa mlowezi jirani, ambaye hakuwahi kuliona pango.

Wasike aliitazama namba ile. Aliyeiandika ni baba yake, mwandiko aliujua.

"Kimaiyo, behewa la namba hii liko stesheni. Hebu nione kucha."

Kucha zilikuwa nyekundu hadi nyamani.

"Ni mimi."

"Kwa sababu ya Nairobi?"

"Nairobi wabaki nayo. Nilitaka anilambe mimi. Hata mara moja."

Wasike akamvuta ng'ombe kwa pembe hadi mbele ya mwenzake. Ng'ombe akatoa ulimi, akaupitisha kando ya uso wa Kimaiyo bila kuugusa, akaendelea kumlamba Wasike.