Nguzo ya Mlangoni

Nguzo ilikuwa imerudi tena katikati ya mlango.

Nerima aliisukuma kompyuta mbele kidogo, kama mtu anayekataa sahani ya ugali mbichi, akavua miwani, akaivaa. Haikusaidia. Mlango wa chumba cha kujifungulia, alioupanua makusudi ili machela ipite na wabebaji wake, ulikuwa umezibwa na nguzo ya zege.

"Yesu wangu," alisema, wala hakuwa anaapa.

Yeye ndiye aliyesanifu wodi ya uzazi ya kanisa huko Kisoko, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ofisi yake iko Busia, upande wa Kenya, juu ya duka la magodoro. Kuta, milango na madirisha vilikuwa vyake. Uzito na vyuma vilikuwa vya mhandisi, Othieno wa Tororo. Kila mmoja alilijenga jengo ndani ya kompyuta kwa programu yake, na programu hizo hazikuwa za ukoo mmoja. Nerima akimaliza sehemu yake, hulihifadhi jengo katika faili ambalo zote mbili husoma, akalituma. Othieno hulifungua, akahesabu mizigo, akarudisha. Na kila likirudi, kitu kimehama. Leo boriti, kesho ngazi. Ile nguzo, kila mara. Nerima anaisogeza, anatuma. Inarudi pale pale. Na jibu la Othieno ni lile lile: "Nimepokea, Mama. Asante, Mama."

Jumatatu misingi ingemwagwa zege. Zege likishakauka halisogezwi kwa kubonyeza.

Simu ililia. Alikuwa Egesa, msimamizi wa mafundi.

"Mama, hii shimo ya nguzo hapa mlangoni tunachimba ama tunafukia? Karatasi yako inasema moja, ya injinia inasema ingine. Watu yangu wanauliza kama wamama wa Kisoko watapitia dirisha."

"Egesa, usinichekeshe."

"Mimi sicheki, Mama. Mimi nauliza tu."

Dawa ilijulikana: wawili hao wakae meza moja, kompyuta ubavu kwa ubavu. Lakini Othieno ni mume wa Carol, binti wa Nerima. Na kwa Wasamia, watu wa Nerima, kama kwa Wajopadhola, watu wa Othieno, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakatazamana. Kanisa lilipowapa kazi hiyo wote wawili, watu walipiga vigelegele kwamba mambo yatabaki nyumbani. Hakuna aliyeuliza yatasemwaje.

Jumamosi Nerima alikwenda Kisoko. Aliweka kiti nje, chini ya dirisha la stoo ya saruji, akaipa stoo mgongo, akajifunika leso kichwani pamoja na kompyuta ili jua lisimzuie kuona kioo. Othieno alikuwa ndani. Carol alisimama mlangoni.

"Muulize nguzo yangu imemkosea nini."

"Anasikia, Mama. Dirisha liko wazi. Nyinyi mnanifanya mimi waya wa intaneti."

Mtu akakohoa ndani.

"Mama, nguzo zako hazifiki."

"Hazifiki vipi, na mimi nimezituma?"

"Zinafika kama magogo. Umbo naliona, lakini programu yangu haijui kwamba ni nguzo. Haizihesabu. Basi nilichora zangu juu ya ule mchoro wako wa kwanza kabisa, na ndizo ninazohesabia."

"Wa kwanza? Mlango ulikuwa haujapanuliwa!"

"Ndiyo, Mama."

"Na hukusema?"

Carol ndiye aliyejibu. "Angesemaje? Kwamba kazi ya mama mkwe wake imefika imevunjika? Wewe ungemwitaje?"

Nerima alijua kabisa angemwitaje. Miezi yote hiyo alikuwa akimwomba Mungu subira juu ya mtu asiyesikia, kumbe mtu mwenyewe alikuwa amezidisha adabu. Hakujua hasira yake aielekeze wapi: kwa mkwe, kwa mila, au kwa hizo programu.

"Kuanzia leo," alisema kwa ukali, "nguzo ni zako. Mimi nitazitazama tu, sizigusi. Milango ni yangu. Vikigongana, unasema. Sasa, hiyo ya mlangoni uitoe kabisa."

"Hapana, Mama."

"Nini?"

"Hapana. Boriti ya juu itapinda. Naweza kuivuta kulia kidogo, lakini mlango wako lazima uende kushoto."

Kushoto kulikuwa na sinki alilolipangia nafasi kwa taabu, na mabomba yake. Nerima akayahamisha yote chini ya leso, akinung'unika, kisha akapima. Machela ilipita, kwa shida.

"Egesa! Fukieni shimo hilo."

"Lote, Mama?"

"Lote. Halafu mchimbe lingine hapo kando."

Fundi mmoja akatupa jembe chini. Nerima hakugeuka. Ndani ya stoo mtu alikohoa tena.

"Mama, na ngazi pia..."

"Sema," alisema Nerima, akiuma meno.