Seli Zilizolala

Kosa lilikuwa neno moja, nalo nililisema redioni, nimeshiba chai, nimejikalia kwa raha zangu. Mtangazaji aliniuliza kwa nini saratani huwarudia watu ambao tumekwisha kuwapasua. Nikamwambia kuna seli ambazo hutoka kwenye uvimbe mapema, zikaenda kujificha mapafuni au mifupani, zikalala. Daktari akimkata mtu, mwili hukimbilia kuziba jeraha: huleta damu mpya, huita wajenzi wake, na kelele za ujenzi huo wakati mwingine huziamsha zile zilizolala. "Kwa panya," niliongeza. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu hata gegedu hauna. Hilo la panya nililisema wakati mtangazaji ameshafungulia tangazo la sabuni.

Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nikiwa daktari kijana. Asubuhi napasua watu, mchana nachungulia vidonda vya panya vinavyopona. Wenzangu hunitania kwamba mimi ndiye mpasuaji pekee anayenuna mgonjwa akipona. Si kweli. Nanuna panya akipona.

Dada yangu alikisikia kipindi chote. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Redio haimpiti, na alichosikia hakisahau. Yeye ndiye aliyenilea, mimi kitinda mimba, na mpaka leo huniita Kitinda hata mbele ya wanafunzi wangu. Alipopata uvimbe kwenye titi la kushoto, na kinyama walichochukua kupima kikarudi na jibu baya, nilimpeleka kwa mwenzangu. Mganga hajigangi, na kwa desturi ya kazi yetu hata nduguye hamgangi. Mwenzangu huyo tunamwita Taratibu. Hupasua polepole mpaka manesi wanachoka kusimama, lakini sijaona mkono safi kama wake.

Taratibu alimweleza kila kitu. Dada alisikiliza, mkoba mapajani, kisha akasema:

"Hapana, daktari. Aliyelala usimwamshe."

Taratibu alicheka, akidhani ni utani. Aliponitazama usoni akaacha.

Jioni nilimfuata Dada nyumbani kwake. Nilimkuta anapiga pasi, hakuinua kichwa.

"Redioni ulisema uongo?"

"Sikusema uongo."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza, Dada. Nilisema wakati mwingine. Nikasema kwa panya. Kwa binadamu bado hatujui, ndicho ninachokitafuta. Lakini huo uvimbe ukiuacha, huo naujua. Utakuua."

Aligeuza shati, akaishughulikia kola.

"Kwa hiyo nikikatwa ni labda, nisipokatwa ni hakika."

"Ndiyo."

"Kusoma kote kule, nimekulipia karo mpaka nikavaa viatu vya viraka, halafu unaniletea labda?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza. Nilipaswa kulia pale, au nimkumbatie, lakini nilisimama tu nikitazama mvuke wa pasi. Ndani yangu palikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: najua pana maumivu, sijui ni wapi.

"Ingekuwa ni wewe, ungekatwa?"

"Ningekatwa."

"Hilo unanijibu kama daktari au kama Kitinda?"

"Kama Kitinda."

Akachomoa waya wa pasi ukutani. "Haya. Mwambie huyo Taratibu wako asinicheleweshe."

Kwa hiyo alikubali kwa neno langu. Si la Taratibu, wala si la vitabu. Alikuwa ameweka uhai wake juu ya neno la mdogo wake, na wote wawili tulilijua hilo.

Kidonda kilipona vizuri ajabu. Nesi aliyekuwa akimbadilishia bandeji aliniita kutoka kwenye korido. "Daktari, njoo uone, kimefunga kama zipu!" Ndugu walipokuja kumpa pole, Dada aliwaingiza wanawake chumbani mmoja mmoja awaonyeshe kovu, akijisifu utadhani kalishona mwenyewe. Na mimi nililitazama. Lilikuwa jembamba, kavu, halina joto. Kila mtu alimshukuru Mungu. Mimi niliona mishipa mipya ya damu, nikaona wajenzi. Nikasema, "Limepona vizuri," nikarudi maabara kuwapima uzito panya.

Akamaliza dawa zote za dripu. Nywele zilinyonyoka, zikaota tena na mvi nyingi, akasema sasa amekuwa mama yetu mtupu.

Halafu kikaja kikohozi. Kwenye picha ya kifua, mapafu yote mawili yalikuwa na madoa madogo, kama punje za mtama zilizomwagika. Taratibu alinionyesha mimi kwanza. Kisha akamwita Dada, akatuachia chumba, akaufunga mlango.

"Zimeamka," Dada alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Dada."

Huko nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Tulikisikiliza mpaka kikaishia mbali.

"Kitinda. Ni kile kisu?"

Ningeweza kumweleza. Mtu mmoja huwezi kumkata na papo hapo usimkate, kisha ulinganishe. Panya ninao wa kukata na ninao wa kuacha. Dada nilikuwa naye mmoja. Nimewakaripia wanafunzi wangu miaka yote kwa kudai kujua wasichokijua, wengine wametoka ofisini kwangu wanalia. Jibu la kweli lilikuwa sijui, na hakuna mtu mahali popote ambaye angeweza kumpa jingine.

"Si kisu," nilisema. "Zingeamka tu."

Mabega yake yakashuka. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, ikamletea kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita.

"Nilijua," alisema. "Ingekuwa kisu, wewe ungeniambia. Tangu utoto hukujaliwa kudanganya."

Nikamsaidia kuvaa sweta, mkono mmoja, kisha wa pili, nikamfunga vifungo vyote, nikingoja nihisi kitu.