Hedifoni za Stamili

Mimi sioni, lakini masikio ninayo na mdomo ninao. Nayasema haya mapema kwa sababu Newala hii kuna watu wakikuona na fimbo nyeupe wanaanza kukusema mbele yako kama hupo.

Nachapa kazi za watu kwenye steshenari ya Gasper, karibu na soko. Kompyuta ni yangu mwenyewe. Ina programu inayonisomea: kila neno ninaloandika inalitamka, kwa sauti ya puani kama mtu mwenye mafua, nami nalisikia kwenye hedifoni. Bila sauti hiyo sijui nimeandika nini.

Ugomvi ulianzia kwenye salamu. Mtu mzima akiingia nami nimeziba masikio, simsikii, kwa hiyo simwamkii. Basi! Bwana Yassini wa Chilangala, anayejifanya mkubwa wa kila mtu, akaenda kunishtaki kwa Gasper.

"Huyo binti yako hana adabu. Napita mbele yake, shikamoo hakuna!"

Kwani alishindwa kunigusa bega? Si ana mikono?

Gasper anaogopa wateja kuliko anavyomwogopa Mungu. Alinivua hedifoni kichwani, akazifungia kwenye droo.

"Nikikuona umezivaa tena, kazi huna."

"Bila hizo mashine itaropoka mambo ya watu kwa sauti, Gasper."

"Iropoke! Heshima kwanza."

Nilikasirika. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo, sina nyingine, na aliyekuwa tayari kuajiri asiyeona mji mzima alikuwa yeye peke yake. Nikarudi kuchapa.

Kesho yake nani anaingia? Yassini huyo huyo. Nikamwamkia kwa sauti ya kusikika hadi stendi.

"Marahaba," akajibu, ameridhika kabisa. Akavuta kiti, akaniinamia sikioni na kuanza kunong'ona, pumzi yote ugoro mtupu.

"Baba, nakuambia mapema, mashine hii inatamka ninachoandika."

"Andika wewe! Sikuja hapa kufundishwa."

Haya. Akanong'ona sentensi nzima, nami nikaishusha nzima, maana vidole vyangu vina mbio. Nilipoanza tu, mlangoni bibi mmoja akapiga hodi. Mashine haijui hodi, ikaendelea na mafua yake:

"Naomba shamba la mikorosho la mama mkwe wangu, Faidha, ambaye kwa sasa akili zimemruka, liandikwe kwa jina langu."

Duka zima likasikia.

"Yassini," bibi akasema pale mlangoni. "Nani akili zimemruka?"

Lo! Mkwe wake mwenyewe! Na huku kwetu shamba ni la upande wa mama; mwanamume aliyeoa hulima tu, naye humpisha mkwewe njia kwa heshima.

"Izime! Izime hiyo takataka!" Kiti kikaanguka. "Umefanya makusudi, kipofu we!"

"Nilikuambia, baba."

Gasper akaja mbio. Nikangoja aseme ukweli, kwamba amri ilikuwa yake. Thubutu!

"Stamili, chukua mashine yako uende. Sitaki kukuona hapa tena."

Iliniuma, sitaficha. Nilikunja nyaya machozi yakinitoka. Nikadai hedifoni zangu, akanitupia mezani kama anayemtupia mbwa mfupa.

Mkono mkavu ukanishika kiwiko.

"Mjukuu wangu, una kazi sasa hivi?" Bi Faidha akauliza.

"Sina, bibi. Si umesikia? Nimefukuzwa."

"Basi twende nyumbani. Nataka uniandikie maneno ya kumpelekea mwenyekiti wa kijiji, kwamba huyu bwana hana hata mkorosho mmoja pale kwangu. Ukoo wote nitauita, mashine yako iwasomee kwa nguvu."

Yassini akaanza kubabaika, mama hivi, mama vile. Bibi akanivuta kuelekea mlangoni.

"Bibi, si aandike hapa hapa tu?" Gasper akasema, sauti imelainika ghafla. "Nitampa meza yake."

Bi Faidha akasonya.

"Hapa? Hapa mwenye akili alikuwa mmoja tu, na umemfukuza."

Tukatoka.