Mita ya Wangwe

Jumamosi alasiri, katika duka la vifaa vya umeme la Gloria pale Nyamongo, Tabitha aliweka mita mbili za kupimia umeme juu ya kaunta. Moja ilikuwa nyekundu na nyepesi, nyingine ya kijivu na nzito kidogo. Akatoa betri mpya ya volti tisa, akaipima kwa zote mbili. Ya kijivu ilisema tisa na ushee. Nyekundu ilisema saba, ikasitasita, ikasema kumi na moja.

Akazifungua mgongoni. Fyuzi ya nyekundu ilikuwa ya kioo, nyembamba kama njiti ya kiberiti, ingawa usoni mwa mita paliandikwa kwamba inahimili volti mia sita. Ya kijivu ilikuwa na fyuzi nene ya kauri, na nyaya zake za kupimia zilikuwa na kinga ya kuzuia vidole visiteleze hadi kwenye chuma.

Nyumbani Tabitha huunda redio kwa mapenzi tu, na kwenye betri ndogo hata mita ya uongo haiui mtu. Lakini mita aliyokuja kununua ilikuwa ya mdogo wake, Nelson. Jumatatu angeanza ufundi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kuchukua nafasi ya Wangwe. Wangwe alikuwa na mita nyekundu ya duka hilihili. Ilisoma sifuri, akagusa waya, akazikwa.

Mita yake ilirudishwa dukani. Gloria aliifuta vumbi na kuibadilishia nyaya, akairudisha rafuni. Tangu hapo haikupima umeme. Ilipima woga wa mtu aliyeishika, na kwa kazi hiyo haikukosea.

"Jaribu," alisema Gloria, akiishusha ile ya Wangwe kutoka rafuni. "Juzi mwenyekiti wa kijiji kaishika ikasoma mia mbili. Kaiacha hapo, hata chenji kasahau."

Tabitha akashika ncha zake. Mia moja themanini.

"Si haba," alisema Gloria, akaendelea kupanga balbu.

Nelson akaingia na Sylvester, msimamizi wa karasha.

"Dada, mbona unaikagua kama ng'ombe wa mahari?"

"Chukua hii ya kijivu. Anza kupima soketi unayojua ina moto, kisha waya wako, kisha rudi kwenye soketi. Mita ikisema kweli mwanzo na mwisho, ndipo uguse."

Sylvester akacheka. "Mura, kijana mzima wewe, dada yako anataka uje kazini na blanketi la mtoto!"

Pale karashani palikuwa na desturi. Mita ikishasoma sifuri, fundi hugusa waya kwa mgongo wa mkono mbele ya wenzake, bila kupepesa jicho, kama alivyosimama mbele ya kisu siku ya kutahiriwa. Anayerudia kupima huulizwa kama kweli alitahiriwa.

Ili kumaliza maneno, Nelson akashika mita ya Wangwe. Uso wake ulitulia kama maji ya mtungini. Namba zikapanda: tisini, mia mbili, mia tatu tisini na nane. Sylvester akatazama viatu vyake.

"Imeharibika," alisema Nelson.

"Kabisa," alisema Sylvester haraka, asije akapewa yeye.

Gloria akatoa nyekundu mpya kwenye boksi. Nelson akashika ncha zake. Sifuri.

"Hii ndiyo nzima," akasema, akaondoka nayo.

Mita ya Wangwe ilibaki pale kwenye mia tatu tisini na nane. Tabitha akaishika, Gloria naye akaishika, haikubadilika. Ilikuwa imeshamchagua mtu wake.

"Nenda nayo," alisema Gloria. "Sasa ni ya kwenu."

Tabitha alinunua na ile ya kijivu. Jumatatu aliificha kwenye mkoba wa Nelson, jioni akaikuta chini ya kitanda. Basi akaitundika mita ya Wangwe kwenye msumari jikoni, naye akawa anapika huku anaitazama. Nelson akitoka asubuhi, namba zilipanda. Akifika kwenye nyaya, zilifika karibu na mia nne. Usiku, hata akiwa usingizini, hazikushuka chini ya ishirini. Zikiwa juu, Tabitha alipumua: aliyeogopa alikuwa hai. Kitu alichokihofu ni sifuri tu.

Ijumaa ya wiki ya tatu, alipokuwa anasonga ugali, namba zikaanza kushuka. Mia tatu. Sitini. Nane. Sifuri.

Mwiko ukasimama. Aliita jina la Nelson mara moja, kwa sauti ndogo. Ugali ukaanza kuungua.

Ndipo mlango ukafunguka. Nelson akaingia, mzima, akavua viatu.

"Dada, ugali unaungua."

Tabitha aliutazama msumari. Sifuri.

"Kazi ilikuwaje?"

"Nimeizoea sasa. Leo nimegusa bila hata kupima. Sylvester amenisifu mbele ya watu wote."

Nje ilipita bodaboda ikipeleka boksi jipya la mita nyekundu dukani kwa Gloria. Nelson akanyoosha mikono juu ya beseni. Tabitha akachukua jagi na kummiminia maji, polepole, juu ya mgongo wa mkono wa kulia, ule anaogusia waya, akaendelea kumimina hata baada ya mkono kutakata.