Kofia ya Profesa

Damu aliiona kabla ya maumivu, na maumivu yenyewe hayakuja. Sindano ilikuwa imepita kitambaa, ikaingia kwenye ncha ya kidole na kutokea pembeni ya ukucha, na Bi Mwanakheri alikuwa bado anavuta uzi. Alishangaa tu kwamba hauvutiki. Alipoinamisha macho ndipo akaona tone jekundu linatanuka juu ya bafta nyeupe ya kofia, kando ya tundu alilokuwa akilizungushia uzi.

Akaichomoa sindano kama mtu anayemchomoa mwiba mtoto wa jirani. Akatia mate kwenye tone, akasugua. Halikutoka lote.

"Mama," Nassra aliita kutoka mlangoni.

"Naam."

"Nioneshe mkono."

"Mkono una nini?"

Ndege ikapita juu ya bati. Kiembe Samaki, jirani na uwanja wa ndege, watu hawagombani ndege inapotua, husubiri ipite. Nassra, bintiye wa mwisho, mwalimu wa skuli, akasubiri huku amekunja uso, na mama yake akapata wasaa wa kukificha kidole ndani ya kanga.

"Hukuhisi," Nassra alisema kelele zilipokwisha. "Imeingia upande huu, imetokea upande wa pili, na wewe hukuhisi. Leo utamwambia daktari."

"Leo nnakwenda kutiwa dawa. Siendi kushitaki."

Tezi ilimwota shingoni mwaka uliopita, ikakua ikawa sawa na limau, kisha zikaota nyengine kwapani. Kansa ya matezi, aliambiwa. Tiba yake haikuwepo kisiwani kwa mtu wa aina yake. Ilikuwepo kwa wanaoweza kupanda ndege, na ndege Bi Mwanakheri alizijua kwa kelele tu. Ndipo ukaja mradi wa wageni, na dawa mbili zinazotiwa kwa pamoja, zijaribiwe kwa wazee. Dawa ya kwanza ilikuwa inajulikana. Ya pili ilikuwa mpya, na walichotaka kukijua wenye mradi ni mwili wa mzee unastahamili kiasi gani zikichanganywa. Kila duru ya dawa iliyopita salama, ile ya pili iliongezwa kidogo.

Na zilifanya kazi, hilo hakuna wa kulikataa. Limau lilinywea mpaka likawa punje ya kunde. Bi Mwanakheri alilia siku aliyopapasa shingo akaikosa.

Lakini ganzi nayo ilianza, vidole vya miguu kwanza, kisha vya mikono. Akawa hawezi kufunga kishikizo bila ya kukitazama. Akishika tasbihi hajui punje imepita au haijapita, akawa anarudia uradi mmoja mara mbili kwa khofu ya kumpunja Mola wake. Nassra alimnunulia viatu vya mkanda kwa sababu kandambili zilikuwa zikimtoka njiani naye anaendelea kutembea. Viatu hivyo vilikuwa chini ya kitanda, havijavaliwa. Bi Mwanakheri alisema atakayemwona navyo atamuuliza kwa nini, naye hataki kuulizwa.

"Mficha uchi hazai, mama."

"Na aliyeufunua? Mzee Ubwa aliufunua, akapata nini?"

Mzee Ubwa wa Makunduchi alikuwa akitiwa dawa kiti cha pili kutoka kwake. Siku moja alipoulizwa alijibu kwa ukweli wa watu wa shamba: miguu yangu naiona si yangu. Wakamshukuru sana kwa kusema. Wakamtoa katika mradi kwa ajili ya usalama wake, wakampa vidonge vya maumivu. Matezi yakamrudia, na hakuumaliza mwezi wa Mfunguo Tano.

"Mimi nakutaka mzima," Nassra alisema. "Wakizidi kukuongeza, utaanguka siku moja na ngazi."

"Wakiacha kunitia, je?"

Swali hilo lilimtia Nassra hasira, kwa sababu kazi yake ni kuwa na majibu. Akachukua kofia mapajani mwa mama yake, akaigeuza kwenye mwanga.

Kofia ile ilianza kwa ajili ya Daktari Zahor, kwa shukurani. Daktari alipoiona haijesha alisema ingempendeza zaidi ikiwa ya Profesa, mkubwa wa mradi, atakayekuja kutazama maendeleo. "Utakuwa umenistiri, bibi," alimwambia. Bi Mwanakheri hakujua amemstiri na nini, lakini aliyesema ni daktari. Upande mmoja matundu yalikuwa madogo, yamebanwa, yamefuatana sawasawa, kazi iliyomlea Nassra na kumsomesha. Upande wa pili yalikuwa makubwa kwa madogo, mengine yamepinda, na katikati yake madoa ya rangi ya kahawia, leo limeongezeka moja. Nusu ya kofia ilishonwa kwa mikono yake. Nusu nyengine ilishonwa kwa macho.

"Mtu akiitazama hii, hahitaji kukuuliza kitu," Nassra alisema.

"Basi omba Mungu aitazame."

Ofisi ya mradi ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba ya kale. Aliyewachagulia wazee wagonjwa nyumba ile bila shaka alipanda ngazi zake akiwa kijana. Zilikuwa za mbao, kali, nyembamba, na kiza cha mchana. Watu wawili hawakuweza kwenda sambamba, hivyo Nassra alitangulia na mfuko begani, akamvuta mama yake mkono. Bi Mwanakheri alipanda kwa kumtegemea binti yake na ukuta. Ngazi zenyewe hakuzihisi. Alijua amefika juu pale mwanga ulipompiga usoni.

"Shikamoo, bibi," alisema Mardhiya, muuguzi wa mradi, akamkalisha kwenye kiti kirefu cha dripu.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na wewe hali yako?"

"Alhamdulillah."

"Kutapika?"

"Alhamdulillah, sina."

"Ganzi ya mikono? Ya miguu?"

Bi Mwanakheri alifundishwa tangu utotoni kwamba mtu akikuuliza hali unamshukuru Mungu kwanza, na ukishamshukuru ni aibu kugeuka nyuma ukaanza kulalamika. Adabu hiyo ilimfaa siku ya leo kuliko siku yoyote.

"Ya uzee tu. Alhamdulillah."

Mardhiya hakuandika mara moja. Alimtazama vidole. Yeye ni mtoto wa hapa hapa. Anajua kwamba Alhamdulillah husemwa na aliyepata na aliyefiwa. Akafungua mdomo, na mlango wa chumba cha ndani ukafunguka.

Daktari Zahor alitoka akicheka. Alikuwa mtu wa mjini, mtanashati, mjukuu wa waliokuwa na mashamba ya karafuu Kidichi siku hizo, na aliongea na wazee kwa upole unaofunga mlango. Nyuma yake alikuja Profesa, mgeni mrefu mwenye miwani. Zahor akaamkia, akafasiri swali la mgeni wake.

"Profesa anauliza, tangu tulipokuongeza dawa umeona tofauti gani?"

"Alhamdulillah. Mwambie namwombea dua."

Zahor akamgeukia Profesa, akafasiri kwa Kiingereza. Nassra alikielewa vizuri. Daktari alisema: hana tatizo lolote.

"Hakusema hivyo," Nassra alisema.

"Bi Nassra."

"Mama hahisi vidole, daktari. Leo kajidunga sindano ikatokea upande wa pili. Hajui kama nimemshika au nimemwacha."

Zahor hakupandisha sauti. "Katika utafiti anayejibu ni mgonjwa. Si mwanawe, si jirani." Akachuchumaa mbele ya kiti, uso wake sawa na uso wa bibi. "Haya, Bi Mwanakheri. Mimi nakuuliza mwenyewe, na nitaandika utakavyosema. Ni kweli? Maana ikiwa ni kweli, sharti la mradi ni kusimamisha dawa leo hii. Mimi hapo sitakuwa na la kufanya. Unamkumbuka Mzee Ubwa."

Bi Mwanakheri alimtazama binti yake. Haikuwa hasira iliyokuwa machoni mwa mama, alikuwa akimwomba.

"Mtoto ana khofu tu," alisema. "Tangu mdogo ana khofu."

Nassra alihisi uso unamwaka moto, mbele ya watu, mkubwa mzima. Hakukataa. Angekataa, chupa mbili za dawa zingerudishwa kwenye friji, na yeye ndiye angekuwa amezirudisha.

Profesa hakufahamu maneno, lakini alifahamu kwamba pana jambo. Akachomoa pini mfukoni mwa koti, akakunjua kiganja chake kumwonesha bibi naye akunjue chake. Alitaka kumgusagusa kwa ncha ile, aone anahisi wapi na wapi hahisi. Lingekuwa jambo la kufumba na kufumbua. Bi Mwanakheri akairudisha mikono ndani ya buibui.

Zahor akamshika Profesa bega na kumweleza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba hapa kwetu mwanamke mwenye heshima zake haguswi ovyo na mwanamume wa nje. Profesa aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, akaomba radhi, akairudisha pini mfukoni.

"Naweza kumpima mimi," Mardhiya alisema. "Mimi mwanamke."

"Muda, Mardhiya. Mgeni ana safari ya Matemwe."

"Ni dakika moja tu, daktari."

"Kamwekee dripu. Ya pili iongeze kama tulivyopanga."

Ikaja zamu ya kofia. Bi Mwanakheri aliitoa kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja usingemtosha. Profesa aliipokea kama alivyofundishwa, naye kwa mikono miwili, akaivaa. Ule upande wa matundu yaliyopinda ukakaa juu ya sikio la kulia, na madoa yakaja kwenye paji la uso. Zahor akapiga picha.

"Anasema hajapata kuona kazi nzuri namna hii," alifasiri. "Anasema kote duniani atasimulia namna wazee wa Unguja walivyostahamili."

"Alhamdulillah," alisema Bi Mwanakheri.

Wakubwa wakaaga, wakashika njia ya ngazi. "Taratibu, Profesa, zitakuangusha hizi," Zahor alisikika akimwonya mgeni kwa lugha yao.

Mardhiya akauvuta mkono wa bibi, akaufunga mpira, akatafuta mshipa nyuma ya kiganja. Sindano ilipoingia alimtazama usoni, si mkononi. Uso haukutikisika. Bi Mwanakheri alikuwa akisubiri kudungwa.

"Bado?" aliuliza.

Dripu ilikuwa imeshaanza kudondoka.

Ndipo sauti ya Zahor ikapanda kutoka kizani, katikati ya ngazi, yenye kero ya mtu aliyenusurika kuteleza.

"Jamani, kandambili ya nani hii imeachwa hapa?"

Nassra na Mardhiya wakatazama chini kwa pamoja. Mguu mmoja wa Bi Mwanakheri ulikuwa na kandambili. Wa pili ulikuwa mtupu, na unyayo una vumbi la ngazi. Naye akatazama, kwa mshangao kama wao. Kisha akauvuta upindo wa buibui kwa mkono usiokuwa na sindano, mara ya kwanza ukamponyoka, mara ya pili akaushika, akaufunika mguu.

"Ya nani?" Zahor aliita tena.

Bi Mwanakheri aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mmoja, akatikisa kichwa.